Precure: kwa nini kila Februari inaanza upya

Waulize mashabiki watatu wa anime, yaani katuni za Kijapani, uanzie wapi kuitazama Precure, ile ya wasichana wanaogeuka kuwa mashujaa, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakuambia uanze na ile ya mwaka 2004, ndiyo mama yao. Wa pili ataapa kwamba HeartCatch ya 2010 ndiyo kilele, zilizotangulia ziache. Wa tatu atasema anza popote, wala hazihusiani. Ukifungua orodha mwenyewe unakuta mifululizo 22 ya televisheni hadi kufikia ule wa mwaka 2025, filamu zaidi ya 30, mashujaa zaidi ya 80 wenye majina yanayoanza na neno Cure, na juu ya hapo kuna vipindi vya Netflix vinavyofanana nayo lakini vina jina jingine kabisa. Wengi huishia hapo na kurudi kwenye One Piece, ambayo ni ndefu kweli, lakini angalau ina mwanzo mmoja.

Ajabu ni kwamba wale watatu wote wako sahihi. Tatizo liko kwenye swali, kwa sababu linachukulia kwamba Precure ni hadithi. Precure ni jina ambalo hadithi mpya hupewa kila mwaka. Jumapili ya mwisho ya Januari, au karibu na hapo, mashujaa wa mwaka huo hulishinda giza na kuagana na watazamaji. Jumapili inayofuata, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Japani, unakuta mji mwingine, shule nyingine, wasichana wengine ambao hawajawahi kusikia habari za wale waliopita. Kinachobaki ni mfumo tu: wasichana wa kawaida, wengi wao wa umri wa miaka 13 au 14, wanakutana na kiumbe kidogo kinachoongea, wanapewa kifaa cha kuwageuza, na wanaanza kupigana na majitu.

Ili kuelewa kwa nini imepangwa hivyo, acha hadithi kwanza uangalie nani analipa. Precure ina wazazi watatu. Studio ya Toei Animation ndiyo inayochora. Kituo cha ABC cha Osaka ndicho kinachosimamia kipindi na kukirusha nchi nzima kupitia mtandao wa TV Asahi. Kampuni ya Bandai inatengeneza na kuuza vichezeo. Mtunzi anayetajwa mwanzoni mwa kila kipindi ni Izumi Todo, na ukimtafuta mtu huyo hutampata: ni jina la pamoja la wafanyakazi wa Toei Animation, lililobuniwa kutokana na jina la kampuni na mtaa wa Tokyo ilipo studio yao, Oizumi. Kuna manga pia, yaani hadithi ya michoro ya kusomwa, inayochorwa na Futago Kamikita kwa ajili ya gazeti la Nakayoshi, lakini manga hiyo inakwenda sambamba na anime, siyo chanzo chake. Kwa mtu aliyezoea kwamba anime hutoka kwenye kitabu cha mchoraji mmoja, hili ndilo la kwanza la kulizoea. Hapa hakuna mchoraji mmoja anayeshika hatima ya hadithi. Kuna kikao.

Kikao hicho kilikuwa na wasiwasi mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa miaka minne, kuanzia 1999, saa ile ya Jumapili ilikuwa ya Ojamajo Doremi, hadithi ya watoto wanaojifunza uchawi, na ilipendwa sana. Iliyofuata, Ashita no Nadja, ilikuwa ya binti anayesafiri Ulaya akimtafuta mama yake; ilikuwa nzuri kwa macho, lakini vichezeo vyake havikuuzika ilivyotarajiwa. Kazi ya kubuni kitu kipya ikamwangukia mtayarishaji Takashi Washio, ambaye hakuwa na uzoefu wa vipindi vya wasichana. Kwenye andiko la mradi akaweka wazo moja ambalo mashabiki wanalinukuu mpaka leo: hata mtoto wa kike anataka kurukaruka na kupigana. Kisha, kwa kuwa hakujua namna ya kutengeneza anime ya wasichana, akamwita mtu aliyejua kutengeneza mapigano. Daisuke Nishio ndiye aliyeongoza Dragon Ball na Dragon Ball Z.

Uamuzi huo unaonekana kwenye skrini. Kabla ya hapo, anime za mabinti wa miujiza zilikuwa zimepita hatua mbili kubwa. Hatua ya kwanza, tangu Sally the Witch ya mwaka 1966, ilikuwa ya binti mwenye uchawi anaoutumia nyumbani na mtaani, mara nyingi kwa siri. Ya pili ililetwa na Sailor Moon mwaka 1992: kundi la mabinti wenye rangi tofauti wanaopambana na maadui, wazo lililoazimwa kwa sehemu kutoka kwenye vipindi vya mashujaa waliovaa rangi vya watoto wa kiume. Lakini Sailor Moon aliwamaliza adui zake kwa miale ya mwanga, na mambo yakizidi kuwa magumu alitokea kijana mwenye tai na kofia, akarusha ua waridi.

Februari 2004, kwenye kipindi cha kwanza cha Futari wa Pretty Cure, hakuna anayerusha ua. Nagisa Misumi, mchezaji wa lacrosse (mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu) anayependa kula kuliko kusoma, na Honoka Yukishiro wa klabu ya sayansi, wanageuka kuwa Cure Black na Cure White na wanaingia kwenye ngumi. Ngumi hasa: mateke ya kuzunguka, kumkamata adui mkono na kumrusha, kutupwa ukutani hadi ukuta unapasuka, halafu kuinuka na vumbi mabegani. Washio na wenzake walijiwekea mipaka. Uchunguliaji wa nguo za ndani ulikatazwa, ndiyo maana Cure Black amevaa kaptura ya kubana chini ya sketi, na maneno ya aina ya "wewe ni msichana, kaa pembeni" yakaondolewa kwenye miswada. Majitu yenyewe, yanayoitwa Zakenna, yakishindwa husambaratika na kuwa vinyota vidogo vinavyokimbia huku na huko vikiomba msamaha. Nimetazama anime nyingi za mapigano na sijaona adui mwingine anayeshindwa kwa namna ya kuchekesha na ya heshima kwa wakati mmoja kama hao.

Na kuna sharti la mikono. Nagisa hawezi kugeuka peke yake, Honoka vilevile. Kila mmoja anapitisha kadi kwenye kifaa chake kinachofanana na simu ya kukunja, wanashikana mikono, wanatamka maneno yao kwa pamoja, ndipo nguvu inashuka. Hata pigo lao la mwisho, umeme mweusi na mweupe unaojisokota kuwa mkondo mmoja, linataka mikono ishikane. Hapo ndipo kipindi cha nane kilipopata uzito wake. Mpaka wakati huo wasichana hawa wawili wamekuwa wakipigana bega kwa bega bila kuwa marafiki. Wanaitana kwa majina ya ukoo, "Misumi-san" na "Yukishiro-san", jinsi wanafunzi wa Kijapani wanavyoitana wasipozoeana. Honoka, kwa nia njema, anajiingiza kwenye habari za kijana ambaye Nagisa anampenda kimyakimya; Nagisa anawaka, anatoa maneno ambayo hawezi kuyarudisha, na wote wawili wanarudi nyumbani wakiwa wamevunja ushirikiano wao. Hakuna jitu linaloweza kushindwa katika hali hiyo, kwa sababu mikono haishikani. Wanapopatana na mmoja kumwita mwenzake "Nagisa", mwingine "Honoka", umeshuhudia tukio kubwa kuliko mapigano yote saba yaliyotangulia. Ukitaka kupima kama Precure itakufaa, fika hapo kwanza ndipo uamue.

Kipindi kikauza. Mwaka 2005 kikaongezewa msimu wa pili, Max Heart, na msichana wa tatu. Kisha Februari 2006 wakajaribu kubadilisha wahusika kwa mara ya kwanza na kuleta Splash Star, yenye Saki na Mai. Hapa mambo yakaenda kombo. Wawili wapya walifanana mno na wawili wa zamani, mmoja mchangamfu na mwingine mtulivu, kiasi kwamba kilionekana ni kilekile kilichopakwa rangi upya. Mauzo ya vichezeo yakashuka, na hadithi ikafungwa baada ya mwaka mmoja. Mimi binafsi naiona Splash Star kuwa yenye mapigano mazuri kuliko ile ya kwanza, lakini mapigano mazuri hayalipi kodi ya kiwanda. Mwaka 2007 ikaja Yes! Precure 5, na wasichana watano badala ya wawili, wakiongozwa na Cure Dream wa pinki. Ikashika, ikapewa mwaka wa pili kwa jina la GoGo!, na tangu Fresh ya mwaka 2009 utaratibu ukawa ule tunaoujua: mwaka mmoja, kundi moja, kwaheri.

Biashara gani inaua kitu kinachopendwa kila baada ya miezi kumi na miwili? Inayowalenga watoto wa takriban miaka 3 hadi 6. Mtoto aliyeanza kutazama akiwa na miaka minne ana miaka saba ndani ya muda mfupi, na wa miaka saba haoni fahari tena kubeba kifimbo chenye taa. Ni kama chekechea: jengo ni lilelile, kengele ni ileile, watoto ndio wanaopita. Ukiendelea na hadithi moja kwa miaka kumi, mtoto anayeingia leo atakuta mambo ambayo dada yake anayajua na yeye hayajui. Ukianza upya kila Februari, kila mtoto anapata Precure yake, inayoanzia mwanzo, na kifaa cha kugeukia ambacho dada yake hana.

Ukishaijua kalenda hiyo, hadithi nazo unaanza kuzisoma kwa jicho jingine. Februari kinatoka kifaa cha kugeukia. Katikati ya mwaka anaingia shujaa wa nyongeza akiwa na kifaa chake. Vuli kuna filamu. Kuelekea Krismasi mashujaa wanapata nguvu mpya, na kwa bahati njema nguvu hiyo ina umbo linaloweza kuwekwa kwenye boksi. Kinachonifurahisha ni jinsi waandishi walivyoigeuza amri hiyo ya duka kuwa fasihi. Shujaa wa nyongeza lazima atoke mahali fulani, na mahali panapoleta hadithi nzuri zaidi ni kambi ya adui. Katika Fresh, Setsuna aliyekuja kama jasusi wa upande wa pili akawa Cure Passion. Mwaka 2011 katika Suite, Siren akawa Cure Beat. Mwaka 2015 katika Go! Princess, Twilight aligundulika kuwa binti mfalme aliyepotea akawa Cure Scarlet. Duka linataka kichezeo kipya kabla ya likizo ya kiangazi, mwandishi anatafuta sababu ya adui kutubu, na mtoto sebuleni analia machozi ya kweli.

Kuna mahali pamoja ambapo makundi haya yote hukutana, na ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Kuanzia mwaka 2009 zimekuwa zikitoka filamu za All Stars zinazowakusanya mashujaa wa miaka tofauti kwenye pambano moja. Ile ya mwaka 2018 ilikuwa na mashujaa 55 na iliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Filamu hizi hazina haja ya kueleza wamekutanaje. Wanakutana kwa kuwa watoto wanataka wakutane. Watoto wenyewe wamekuwa na kazi yao ndani ya ukumbi. Kuanzia filamu ya Yes! Precure 5 ya mwaka 2007, kwa miaka mingi kila mtoto aliyeingia alipewa tochi ndogo ya plastiki. Mashujaa walipoanguka wote, kiumbe kimoja kidogo kiliwageukia watazamaji na kuwaomba msaada, na ukumbi mzima wa giza uliwaka vimulimuli vilivyopungwa kwa kelele. Watu wazima hawakupewa tochi, na kila mwaka walikuwepo waliosikitika.

Je, mfumo unaojirudia hivyo haujawa mzigo? Mara nyingine umekuwa. Ukitazama mifululizo mitatu mfululizo utaanza kubahatisha kipindi kijacho kabla hakijaanza. Lakini kuanza upya kila mwaka kunatoa pia uhuru ambao hadithi ndefu hazina: kama jaribio halikufaa, Januari linaisha. Ndiyo maana Precure, ambayo juu juu ni ya kihafidhina, imejaribu mambo mengi. HeartCatch ilikuwa na bibi ambaye ujanani alikuwa Precure. Star Twinkle ya mwaka 2019 ilileta shujaa kutoka sayari nyingine na mwingine ambaye baba yake ni Mmeksiko. HUGtto! ya mwaka 2018 ilimweka mtoto mchanga katikati ya hadithi, ikazungumzia kazi, malezi na kujifungua, na kuelekea mwisho ikamgeuza mvulana, Henri, kuwa Cure Infini kwa muda mfupi. Miaka mitano baadaye, katika Hirogaru Sky! ya kuadhimisha miaka 20, mvulana akawa shujaa wa kudumu: Cure Wing. Kundi hilohilo lilikuwa na kiongozi wa buluu badala ya pinki, na Cure Butterfly mwenye miaka 18, anayesomea ualimu wa watoto wadogo.

Hata ngumi zenyewe zimewekwa mezani. Kirakira ya mwaka 2017 iliacha kupigana kwa mikono mitupu, mashujaa wakatumia krimu ya keki kama silaha. Wonderful ya mwaka 2024, ambamo mbwa wa nyumbani anageuka kuwa msichana na kuwa Precure, ilikwenda mbali zaidi: wale wanaoonekana majitu ni wanyama waliotekwa na giza, kwa hiyo hawapigwi, wanakimbizwa, wanatulizwa, wanakumbatiwa. Hapa mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba wazo la Washio la mtoto wa kike kurukaruka na kupigana limesalitiwa. Nadhani hoja yao ina nguvu kwa Kirakira, ambako hayo mapigano ya krimu hayana uzito wowote. Kwa Wonderful sikubaliani nao. Kumshika mnyama mwenye hofu bila kumuumiza kunahitaji mbio na mieleka mingi tu, na mtoto anayeishi na paka analijua hilo.

Lakini jaribio lililothubutu zaidi kwa maoni yangu lilitokea bila kelele, mwishoni mwa Healin' Good. Mfululizo huo ulianza Februari 2020, na maadui wake ni vijidudu vinavyoitwa Byogen, vinavyoiambukiza dunia. Ulipangwa kabla ya janga la korona, kisha janga likaukuta hewani. Kuanzia mwishoni mwa Aprili ulisimama karibu miezi miwili. Shujaa mkuu, Nodoka, alikuwa mtoto wa hospitali. Miaka mingi ya utoto wake ilipotea kitandani, na inakuja kujulikana kwamba ugonjwa ule ulikuwa ni adui mmoja, Daruizen, aliyekuwa akikua ndani ya mwili wake. Karibu na mwisho, Daruizen anakimbizwa na bwana wake mwenyewe. Amejeruhiwa, anamjia Nodoka na kumwomba amfiche tena mwilini mwake mpaka apone. Kwa miaka kumi na sita watoto walikuwa wamezoea kwamba adui akilia, Precure husamehe. Nodoka anatetemeka, anakimbia, anashauriana na rafiki yake, kisha anarudi na kukataa. Anamwuliza kama akipona ataacha kuwatesa wengine, na hapati jibu. Mtoto aliyeumwa anaambiwa hapo, Jumapili asubuhi, kati ya matangazo ya vichezeo, kwamba huruma haimlazimishi mtu kuutoa mwili wake. Wapo waliolalamika kwamba shujaa amekuwa katili. Mimi nadhani ni dakika bora kabisa katika historia nzima ya jina hili.

Sasa lile fumbo la Netflix. Kampuni ya Saban Brands ilichukua Smile ya mwaka 2012, yenye vipindi 48, ikakata vinane na kuiita Glitter Force, kisha ikaitoa kuanzia mwaka 2015. Miyuki akawa Emily, Cure Happy akawa Glitter Lucky. Mwaka 2017 wakafanya hivyohivyo kwa Doki Doki!, safari hii vipindi 49 vikabaki 30, na wakaupa jina linaloufanya uonekane ni mwendelezo wa ule wa kwanza. Si mwendelezo. Katika asili yake ni wasichana wengine wa mwaka mwingine, ndiyo maana mtazamaji anayetoka Glitter Force ya kwanza kwenda ya pili anabaki akijiuliza Emily ameenda wapi.

Na wale watoto wa mwaka 2007, ambao leo ni watu wazima wenye kodi za nyumba? Walijibiwa Oktoba 2023 kwa mfululizo wa vipindi 12, Kibou no Chikara, unaowarudia wasichana wa Yes! Precure 5 wakiwa watu wazima. Nozomi, aliyekuwa na ndoto ya kuwa mwalimu, ni mwalimu kweli, anachoka kweli, na kazi si alivyoiota. Ulirushwa na NHK, shirika la umma lisilo na matangazo ya biashara. Hadithi ya Precure iliyokua na watazamaji wake ilibidi iondoke kwenye saa ya Jumapili asubuhi, kwa sababu saa ile ina wenyewe, nao wana miaka minne.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, mambo ya kufuata mpangilio ni machache. Max Heart itazame baada ya Futari wa. GoGo! itazame baada ya Yes! Precure 5, na Kibou no Chikara baada ya hizo mbili, ukiweza uongeze Splash Star kwa kuwa Saki na Mai wanajitokeza humo. Mirai Days ya mwaka 2025 ni mwendelezo wa Mahou Tsukai ya 2016. All Stars ziache mpaka uwe na kundi lako la kushangilia. Zilizobaki ingia kwa mlango wowote: HeartCatch kama unapenda michoro, Go! Princess kama unapenda hadithi iliyoshonwa vizuri, Healin' Good kama una subira ya vipindi arobaini kabla ya ile dakika niliyoisema.